Kufunga diski ya pili kwenye kompyuta ya mezani: mwongozo kwa wenye sekretariati wa Lubumbashi

Kompyuta ya sekretariati, yaani duka la kupiga na kuchapa kazi za watu, hujaa upesi. Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, analeta TFC yake, yaani ile kazi ya kumalizia masomo, kwenye flashi. Inapigwa, inasahihishwa, inachapwa, na nakala inabaki kwenye mashine kwa sababu atarudi tu: mwalimu amekataa sura ya pili. Juu yake kuna picha za pasipoti, barua za kuomba kazi kwenye migodi, kadi za arusi, skani za vyeti. Mwaka haujaisha, mstari wa diski C umekuwa mwekundu na Word inachelewa kufunguka. Hapo ndipo watu huanza kufuta, na kazi za wateja hupotea. Hakuna haja. Karibu kila kompyuta ya mezani yenye kasha la kusimama ina nafasi ya diski ya pili, na kuifunga ni kazi ya chini ya saa moja kwa mtu mwenye bisibisi moja na mkono uliotulia.

Kabla hatujashika bisibisi, weka jambo moja kichwani: diski ngumu ni mashine. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinapita juu ya sahani hizo kwa umbali usiofika nanomita 10. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zaidi ya 50,000. Ukielewa hivyo, utaelewa kwa nini mtikisiko, joto na umeme unaoyumba ndivyo vinavyoimaliza, na kwa nini nitakusumbua na skrubu nne pale ambapo mbili zinaonekana kutosha.

Fungua kasha kabla ya kwenda dukani

Wengi hununua diski kwanza, halafu wanafika nyumbani wanakuta haina pa kukaa. Anza na kasha. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, toa mfuniko wa ubavuni, kisha tazama vitu vitatu.

Cha kwanza ni nafasi. Diski ya kompyuta ya mezani, ile ya inchi 3.5, ina upana wa karibu milimita 102, urefu wa milimita 147 na unene wa milimita 26. Kwenye kasha refu utaona kizimba cha bati upande wa mbele, chini, chenye nafasi mbili, tatu au zaidi. Kwenye makasha membamba ya ofisini, ya Dell OptiPlex au HP zilizokwisha kutumika ng'ambo, nafasi inaweza kuwa moja tu na tayari ina mwenyewe. Zile kompyuta ndogo kabisa, zenye ukubwa wa kitabu, hazipokei diski ya inchi 3.5 kabisa. Kwa hizo utatafuta diski ya inchi 2.5 kama kuna nafasi yake, au utumie diski ya nje.

Cha pili ni soketi ya data kwenye ubao mama. Tangu 2003 diski za kompyuta zilianza kutumia SATA, na soketi yake ni ndogo, nyembamba, yenye pini 7 na ulimi wenye umbo la herufi L. Pembeni yake huandikwa SATA0, SATA1, SATA2 na kuendelea. Hesabu zilizo wazi. Ukikuta soketi ndefu ya pini 40 na utepe mpana wa kijivu peke yake, hiyo ni IDE, mashine ya enzi nyingine. Pesa ya diski mpya usiiweke humo, iweke akiba ya mashine nyingine.

Cha tatu ni umeme. Diski ya SATA inapokea umeme kwa plagi bapa ya pini 15, pana kuliko ile ya data. Fuata nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai: nyeusi ni sifuri, nyekundu ni volti 5, njano ni volti 12, na ya chungwa, kama ipo, ni volti 3.3. Tafuta plagi iliyo huru kwenye mnyororo huo. Kompyuta nyingi za ofisini za HP na Dell za miaka ya karibuni zimejengwa tofauti: umeme wa diski unatoka kwenye ubao mama kupitia kebo yake maalumu. Hapo usichukue kebo ya mashine nyingine ukaisukuma kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Mpangilio wa volti unaweza kuwa tofauti, na volti 12 zikifika mahali pa volti 5, diski imekwisha kabla haijazunguka. Tafuta kebo ya modeli hiyo hiyo.

Kama plagi zote zimekwisha, ziko adapta zinazogeuza ile plagi kubwa nyeupe ya pini nne, Molex, kuwa ya SATA. Zitazame kwa makini. Zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya ikawa kipande kimoja zimewahi kuungua ndani ya makasha ya watu wengi, kwa sababu nyaya humo ndani zinaweza kukaribiana mno. Chagua ile ambayo unaona kila waya umeingia mahali pake na kubanwa kwa kifuniko.

Kuchagua diski

Viwanda vinavyotengeneza diski ngumu duniani leo vimebaki vitatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukiona jina la Maxtor, Hitachi au Samsung kwenye diski ya inchi 3.5, ni ya zamani, hata kama karatasi yake inang'aa.

Ukiweza kununua mpya, nunua mpya. Lakini najua hali ya mji wetu: nyingi zinazouzwa mjini na kwenye masoko ni zilizotumika, na si lazima ziwe mbaya. Kinachotakiwa ni kuiuliza diski yenyewe umri wake, kwa sababu inaandika kila kitu. Mazungumzo dukani huwa hivi:

"Yaya, hii ni mpya, ndiyo kwanza inatoka kwenye mfuko."

"Sawa, mdogo wangu. Ichomeke kwanza, tuone saa zake."

Muuzaji mwaminifu hatakataa. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure, inaingia kwenye flashi, na inasoma kumbukumbu za diski kwa sekunde chache. Tazama mistari minne. Mstari wa 09 unaonyesha saa ambazo diski imekaa ikiwaka. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, hivyo diski yenye saa 41,000 imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu. Uwezekano ni kwamba imetoka kwenye seva au kwenye rekoda ya kamera za ulinzi. Mstari wa 05 unahesabu sekta zilizoharibika zikabadilishwa, C5 zile zinazosubiri hukumu, C6 zile zilizoshindikana. Hiyo mitatu nataka iwe sifuri. Diski yenye saa 20,000 na sifuri tatu naichukua kwa bei yake. Yenye saa 3,000 na C5 iliyoanza kupanda, hata bure siitaki. Mara nyingine programu inaonyesha namba hizo kwa mtindo wa herufi na tarakimu. Nenda kwenye mipangilio yake uchague namba za kawaida ili usome vizuri.

Mtego mwingine ni diski za SAS, ambazo hutoka kwenye seva. Kwa umbo zinafanana na SATA kabisa, na bei yake huvutia. Igeuze utazame soketi: kwenye SATA kuna pengo kati ya sehemu ya data na sehemu ya umeme, kwenye SAS pengo hilo limezibwa na plastiki yenye pini upande wa pili. Diski ya SAS haiingii kwenye ubao mama wa kawaida. Acha.

Kuhusu ukubwa, terabaiti 1 inatosha sekretariati kwa miaka mingi. Ukienda juu ya terabaiti 2, lazima diski ipangwe kwa mtindo wa GPT, maana mtindo wa zamani wa MBR unaishia hapo. Na kama mashine yako haina SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, fikiri mara mbili kabla ya kununua diski ngumu kubwa ili "iende haraka". Haitaenda haraka. Mwendo unatoka kwenye SSD ndogo yenye Windows. Diski ngumu ni ghala la kuhifadhia. Vikikaa pamoja ndani ya kasha moja, kila kimoja kinafanya kazi yake.

Ukitoka dukani, diski iwe ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, halafu uzungushie nguo au sponji. Usiiweke mfukoni kwenye teksi-moto. Ile barabara ya kwenda Ruashi inatosha kuiumiza.

Andaa meza na mikono

Utahitaji bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, skrubu nne, kebo ya SATA ya data (isizidi mita moja), brashi ya rangi iliyo safi na kavu, na taa nzuri. Simu yenye tochi inatosha.

Sasa vumbi. Kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Septemba, kinaleta vumbi jekundu ambalo hupita chini ya mlango, hupanda juu ya meza na kuishia ndani ya feni. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani ya kasha, litoe nje barazani ukapige brashi kwa utaratibu: feni ya mbele, mapezi ya kipozeo cha prosesa, mdomo wa pawa saplai. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unasafisha. Usiende kwa fundi wa matairi kuomba upepo wa kompresa. Upepo ule unabeba maji na mafuta, na nguvu yake hung'oa vitu. Kazi hii ni sehemu ya kufunga diski, kwa sababu feni iliyozibwa na vumbi haipozi diski, na unakaribia kuongeza chanzo kingine cha joto ndani ya sanduku.

Kuna mtu atasema: kwangu ukigusa kasha linakuchoma kidogo, ni kawaida? Ni jambo linaloonekana sana katika nyumba ambazo soketi hazina waya wa ardhini. Vichujio ndani ya pawa saplai vinaacha karibu nusu ya volti 220 kwenye bati la kasha, ingawa mkondo wake ni mdogo. Kwa hiyo kuzima kwa kitufe hakutoshi. Chomoa waya kabisa, pamoja na waya wa skrini na wa printa, maana umeme huo unaweza kuja kupitia huko pia. Waya ukiwa nje, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili kumaliza umeme uliobaki ndani ya kapasita.

Kisha umeme wa mwilini. Mwezi wa Juni na Julai hewa inakauka, na sweta ya nailoni inakujaza umeme tuli usiouona. Gusa bati la kasha lisilo na rangi kabla ya kutoa diski kwenye mfuko, na rudia kugusa kila mara ukiondoka na kurudi. Ukifanya kazi bila viatu juu ya saruji ni bora kuliko kusimama juu ya zulia.

Diski iingie kwenye kizimba

Shika diski kwa mbavu zake. Upande wa chini kuna ubao wa kijani au wa buluu wenye sakiti, vidole visiuguse. Upande wa juu, karibu na karatasi yenye maandishi, diski nyingi zina kitundu kidogo kilichoandikwa kwamba kisizibwe. Ni pumzi ya diski, inasawazisha hewa ya ndani na ya nje. Usibandike stika ya duka lako hapo.

Ukihitaji kuiweka chini kidogo, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza ya chuma. Kuanguka kwa sentimita chache juu ya kitu kigumu kunatosha kuiharibu bila alama yoyote kuonekana nje.

Ingiza diski kwenye kizimba, soketi zikielekea upande ambako kebo zitafika bila kuvutwa. Inaweza kulala au kusimama kwa ubavu, yote ni sawa, isikae mshazari. Kama kuna diski nyingine, acha nafasi moja tupu katikati ikiwa kizimba kinaruhusu, na kama unaweza kuchagua, weka diski mbele ya feni ya mbele.

Skrubu za diski ya inchi 3.5 ni fupi na zina uzi mpana. Zile zenye uzi mwembamba ni za diski ya inchi 2.5 na za kisomeo cha CD. Zinaonekana karibu sawa, na ukilazimisha ile isiyo yake utaua uzi wa aluminiamu ndani ya tundu. Ijaribu kwa vidole kwanza: ya kwake inaingia mizunguko miwili bila bisibisi. Ikikataa, si yake. Skrubu ndefu nayo ni hatari, kwa sababu inaingia ndani hadi kugusa mwili wa diski au sakiti.

Weka zote nne, mbili kila ubavu. Ziingize kwa vidole zote kwanza bila kukaza, ndipo ukaze kwa zamu, ya kushoto, ya kulia, mpaka kila moja isimame, kisha robo ya mzunguko basi. Diski iliyoshikwa upande mmoja inatetemeka. Mtetemo huo unarudi kwenye kichwa cha kusomea, kinakosa mstari wake, kinarudia kusoma, na wewe unaona kompyuta nzito bila kujua sababu. Ndiyo maana ya skrubu nne.

Makasha ya Dell mengi hayahitaji skrubu: kuna fremu ya plastiki ya buluu, unaipanua kidogo, vijipini vyake vinaingia kwenye matundu ya mbavu za diski, kisha fremu yote inateleza hadi inalia "tak". HP mara nyingi hutumia skrubu maalumu za kuongozea, ambazo diski inateleza nazo kwenye reli, na za akiba hufungwa kwenye bati la kasha lenyewe, mbele au karibu na kizimba. Zitafute kabla ya kwenda kuomba kwa jirani.

Kebo mbili

Hapa ndipo diski nyingi nzuri zinapovunjiwa. Chukua tochi utazame soketi ya diski kwa karibu: ndani kuna ulimi wa plastiki nyeusi, mwembamba, wenye mistari ya shaba upande mmoja tu, na ncha yake imekunjwa kama herufi L. Ulimi huo ndio pekee unaobeba kebo. Kebo ikiingizwa kwa pembe au ikisukumwa kuelekea ubavuni wakati wa kuchomoa, ulimi unakatika na kubaki ndani ya kichwa cha kebo, na mistari ya shaba inabaki ikining'inia. Diski yenyewe ni nzima, lakini haishikiki tena.

Kwa hiyo linganisha L na L, sukuma moja kwa moja, kidole gumba kimoja, bila kutikisa. Anza na kebo ya data kwenye diski, kisha upande wa pili kwenye ubao mama. Iache diski yenye Windows kwenye soketi yake ya zamani. Hii mpya ichukue namba inayofuata. Kama kichwa cha kebo kina kibati cha kufungia, kibonyeze kila unapochomoa. Halafu umeme, kwa utaratibu ule ule. Kebo zisikunjwe kwa pembe kali na zisiguse feni. Zifunge kwa kamba ya plastiki kwenye bati.

Kuwasha mara ya kwanza

Usifunge mfuniko bado. Rudisha waya wa umeme, washa, na usikilize. Diski nzima inaanza na mvumo unaopanda kwa sekunde kadhaa, kisha unatulia, na unasikia vijimlio vidogo vya kichwa kikijipanga. Wakati huo diski inavuta hadi karibu ampea 2 kwenye volti 12, zaidi sana kuliko inavyotumia ikishatulia, na ndipo pawa saplai iliyochoka hujulikana: kompyuta inazimika au inaanza upya yenyewe. Ukisikia "kli... kli... kli..." isiyokoma, zima. Jaribu plagi nyingine ya umeme na kebo nyingine. Ikiendelea vile vile, irudishe ulikoinunua.

Kasha lisisogezwe wala kugeuzwa wakati diski inazunguka. Ukilazimika, zima na usubiri nusu dakika.

Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, na mashine nyingi nyingine ni Delete au F2. Tafuta orodha ya diski. Jina na ukubwa wa mpya vionekane hapo. Kama haipo, badili soketi ya data, badili kebo, kisha angalia kama soketi hiyo haijafungwa kwenye mipangilio. Kuna diski kubwa, hasa zilizotolewa kwenye maboksi ya diski za nje, ambazo hazizunguki kabisa kwenye pawa saplai za zamani: pini ya tatu ya plagi ya umeme, yenye volti 3.3, inaziambia zilale. Adapta ya Molex, ambayo haina volti hizo, inaziamsha.

Usiguse mpangilio wa AHCI, IDE au RAID kama Windows yako inafanya kazi. Ukiubadilisha, Windows inaweza kukataa kuwaka. Na kama skrini inasema haioni mfumo wa kuendeshea, kompyuta inajaribu kuwaka kutoka kwenye diski mpya. Rudisha ya zamani juu katika mpangilio wa kuwakia.

Kuiandaa ndani ya Windows

Hapa kwetu Windows nyingi ni za Kifaransa, nami nafuata hizo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Gestion des disques". Kama diski ni mpya, kisanduku kitatokea kikitaka kuianzisha: chagua GPT. Kama diski ilitumika na ina mafaili unayoyataka, funga kisanduku hicho bila kukubali, maana kukubali kunafuta ramani ya mafaili yote.

Utaona mistari: Disque 0, Disque 1. Mpya ina utepe mweusi na maneno "Non alloué". Hakikisha kwa ukubwa wake, si kwa mahali ilipo kwenye orodha, kwamba ndiyo yenyewe. Bofya kulia, "Nouveau volume simple", endelea, chagua NTFS, ipe jina linaloeleweka, KAZI kwa mfano. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna alama ya kufomati haraka. Iondoe.

Kufomati kamili kwa terabaiti 1 kunachukua saa mbili hadi tatu, na watu wanalalamika. Lakini ndicho kipimo cha bure kuliko vyote: kinaandika kila sekta, na sekta mbovu zitajitokeza sasa, kabla ya TFC ya mtu kukaa juu yake. Panga saa ambazo umeme unatulia mtaani kwako. Ukikatika katikati, diski haijafa; utaanza upya. Ikimaliza, fungua CrystalDiskInfo tena ulinganishe 05, C5 na C6 na zile za dukani. Zikibaki sifuri, amini.

Diski ya terabaiti 1 itaonyesha gigabaiti 931, na ya gigabaiti 500 itaonyesha 465. Hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024.

Kisha hamisha kazi. Bofya kulia folda ya Documents, "Propriétés", ukurasa wa "Emplacement", "Déplacer", uielekeze kwenye diski mpya. Kuanzia hapo Word itahifadhi huko yenyewe bila mfanyakazi wako kukumbushwa. Ukitaka badala yake diski mpya ichukue nafasi ya ile ya Windows, Clonezilla inanakili yote bure, ilimradi mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Lakini baada ya kunakili usiwashe zote mbili pamoja, kwa sababu zina saini moja na Windows itaiweka mojawapo "Hors connexion".

Kwa wanaotumia Linux: lsblk itakuonyesha jina la diski, GParted itaigawa, ext4 inatosha. Ukiiandika kwenye fstab tumia UUID na uongeze nofail, ili diski ikikosekana siku moja mashine iwake tu.

Sasa zima, chomoa, funga mfuniko.

Umeme wa SNEL na maisha ya diski

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika ghafla, diski ya kisasa inatumia mzunguko uliobaki kwenye sahani kurudisha kichwa mahali salama. Chuma kinajiokoa. Kisichojiokoa ni faili lililokuwa linaandikwa, na mara nyingine orodha nzima ya mafaili. Onduleri (UPS, sanduku la betri la kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inabeba kompyuta ya ofisini na skrini yake kwa dakika kadhaa, na hizo ni za kuhifadhi na kuzima, si za kuendelea kuchapa. Printa ya leza usiichomeke humo. Inapopasha moto inavuta kuliko onduleri inavyoweza. Betri ya onduleri nayo huchoka baada ya miaka michache ya delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, za kila siku, kwa hiyo ijaribu mara kwa mara kwa kuchomoa waya ukutani huku kazi zote zikiwa zimehifadhiwa.

Umeme unaporudi, subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Volti za mwanzo hupanda na kushuka, mtaa mzima ukiwasha friji na pasi kwa pamoja.

Kwa kuwa sasa una diski mbili, kazi za wateja ziwe kwenye zote mbili: KAZI iwe ya kufanyia, na ile ya zamani ipokee nakala kila jioni. Diski mbili ndani ya kasha moja haziwakingi na mwizi wala na radi, kwa hiyo kazi ambazo hazina pacha, hasa TFC na memwari (tasnifu) zinazosubiri kutetewa, ziwe pia kwenye diski ya nje inayolala nyumbani.

Mara moja kwa mwezi fungua CrystalDiskInfo. Joto likipita nyuzi 45 ukiwa kwenye kazi ya kawaida, rudi kwenye brashi na feni ya mbele. Namba ya C5 ikiacha kuwa sifuri, nakili kila kitu siku hiyo hiyo, ndipo uanze kutafuta diski nyingine.